Waifai ya sola kusini ya Pangani inalala kila jioni: betri, bahari au mnara?

#1 Mwambao_Kusini
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wajuvi.

Niko kijiji cha wavuvi kusini ya mto Pangani, ukishaipita Ushongo. Huku kwenye diko simu inashika kistari kimoja, ukiingia ndani ya minazi hata hicho kinapotea. Vijana tukachanga, tukafunga mtambo mdogo. Juu ya kilima cha Bweni nina ndugu yangu anayepata 4G nzuri. Kwake tumeweka ruta ya laini pamoja na NanoStation M5, antena ya kurusha waifai mbali, inayotazama huku. Huku tuna NanoStation ya pili kwenye mlingoti wa bomba pembeni ya ofisi ya kijiji, na chini yake ruta ndogo ya MikroTik, hAP lite, inayogawa waifai kwa ofisi, zahanati na banda la samaki. Kwa ramani ni kama kilomita 12, na sehemu kubwa ya njia inapita juu ya bahari.

Umeme: paneli ya wati 80, kontrola ya kuchaji ya kawaida aina ya PWM, betri ya gari N70 na inverta ndogo, maana adapta zote zilikuja za kuchomeka ukutani.

Mchana raha tupu. Nesi anatuma ripoti zake bila kupanda pikipiki mpaka mjini. Ikifika saa 12 na nusu jioni mtandao unaanza kukatakata, saa 1 umekufa kabisa, halafu kuanzia saa 4 usiku unarudi wenyewe bila mtu kugusa kitu. Na jioni ndiyo saa ya kazi: vijana wa kidato cha nne wanatafuta mitihani ya nyuma, wavuvi wanapatana bei na wachuuzi wa Tanga mjini kabla ya kutia barafu. Tatizo liko wapi?

#2 FundiSola_Muheza
Mkuu, hiyo ni betri, usitafute mchawi. Piga hesabu nami. NanoStation M5 inakula mpaka wati 8, hAP lite mpaka 3.5, hapo 11.5. Inverta ndogo hata isipobeba kitu inakula wati 6 au 7 kwa kujiendesha tu. Jumla wati 18, mara saa 24, ni wati-saa 432 kwa siku. Paneli ya wati 80 kwa jua la pwani, tuseme saa nne na nusu za jua kamili, toa hasara ya joto, vumbi la chumvi na hiyo PWM, utavuna wati-saa 250 hivi. Unatumia kuliko unavyovuna. Jua likizama tu betri inabaki peke yake na volti zinaporomoka.

Toa inverta. Kwa hAP lite weka kishusha volti cha 12 kwenda 5, inakula kwa tundu la USB kama simu. Kwa NanoStation weka kipandisha volti cha 12 kwenda 24, upitishe kwenye kisanduku chake cha PoE, kile kinachopeleka umeme kwenye waya wa mtandao. Na hiyo N70 imetengenezwa kuamsha injini, yaani kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku sahani zake hazimalizi mwaka. Tafuta betri ya sola, au lithiamu fosfeti kama mfuko unaruhusu. Hiyo unaishusha asilimia 80 na haiumii.

#3 Barabara_ya_12
Naweka mkeka hapa. Bibi yangu yuko Mkwaja, ukitaka kuongea naye mpaka mtu amkimbilie akapande kichuguu.

#4 DadaMtandao_Chumbageni
Fundi, ushauri wa kutoa inverta nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila maelezo yako hayafiki. Mwenye uzi kasema mtandao unarudi saa 4 usiku. Saa 4 usiku jua gani limeijaza hiyo betri? Ingekuwa betri, ingekufa jioni ikafufuka asubuhi.

Pili, umechukua namba za juu kabisa za kila kifaa. NanoStation ikiwa haisukumi mzigo haifiki wati 8, na hAP lite mara nyingi iko chini ya wati 2. Kwa upungufu ulioupiga wewe, ile N70 ingekauka wiki ya kwanza na mchana wake usingekuwa raha tupu.

Mimi naona mnara. Baada ya Magharibi kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi, na mnara mmoja unahudumia Pangani nzima na ng'ambo ya mto. Kistari kimejaa, data haitembei. Saa 4 watu wanalala, mnara unapumua. Hii hata hapa mjini tunaiona.

Mwambao, fanya hivi. Saa 1 usiku ndugu yako wa Bweni aunge simu moja kwa moja kwenye ruta yake. Ikienda vizuri, mnara hauna kosa. Na wewe huku piga pingi, yaani ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinajibu, kwenda NanoStation ya Bweni tu, usiende intaneti. Hapo utajua kinachokufa ni njia yenu au ni kilichoko mbele yake.

#5 FundiSola_Muheza
DadaMtandao, umewahi kuona inverta ya bei nafuu inavyojizima? Volti zikishuka inakata mzigo. Mzigo ukitoka, betri inapumzika, volti zinapanda zenyewe, inverta inawaka tena. Nimeyaona kwa wateja wangu wa Maramba na Amani. Betri iliyochoka inacheza mchezo huo usiku kucha.

#6 DadaMtandao_Chumbageni
Ingewaka na kuzima kila baada ya dakika chache basi. Yeye anasema masaa matatu kimya.

#7 Mwambao_Kusini
Ahsanteni wakuu. Inverta hailii wala haizimi, taa yake inabaki kijani. hAP lite inawaka muda wote, simu zinaona jina la waifai na kujiunga, ila hakuna kinachofunguka. Nimetazama zile taa nne za mawimbi kwenye NanoStation: mchana zote nne, jioni inabaki moja, mara mbili mara moja. Kwenye ukurasa wake nguvu ya mawimbi mchana inasoma -66, jioni inafika -83, yaani dhaifu zaidi.

#8 Nahodha_Kipumbwi
Assalaam alaykum vijana. Mimi si fundi wa kompyuta, mimi ni mtu wa jahazi na mashua, ila swali langu nijibiwe kwanza. Hizo jioni ulizozitazama, mwezi ulikuwa wapi?

Huku mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa saa 10 alasiri hivi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu maji yanajaa jioni, na bado ni bamvu, yamejaa kwelikweli. Saa 4 usiku yako mbali yameshapwa. Wewe unasema mtandao unakufa jioni na kurudi saa 4. Mimi nasikia mtu ananisimulia maji.

#9 KijanaRaskazone
Mzee wangu shikamoo, lakini bahari na waifai wapi na wapi? Mawimbi ya waifai yanapita hewani, maji yako chini huko.

#10 Nahodha_Kipumbwi
Marahaba. Hewani juu ya nini, mwanangu?

#11 Tongoni_RF
Nahodha amepiga pale pale, na inashangaza hakuna fundi aliyeiona. Uso wa bahari ni kioo kwa mawimbi ya redio. NanoStation ya huku inapokea mawimbi mawili: moja limekuja moja kwa moja kutoka Bweni, jingine limegonga maji likaruka. Yakifika yakiwa yamelingana yanasaidiana, yakifika yamepishana yanauana. Kinachoamua ni tofauti ya urefu wa njia zile mbili, na urefu huo unabadilika maji yakipanda.

Hesabu ya juu juu, nikiacha mviringo wa dunia. Tofauti ya njia ni mara mbili ya kimo cha Bweni mara kimo cha huku, gawa kwa umbali. Tuseme maji yakipwa Bweni iko mita 60 juu ya maji na mlingoti wako mita 8. Hapo ni 2 × 60 × 8 ÷ 12,000, unapata sentimita 8. Maji yakipanda mita 3, kama yanavyofanya kwenye bamvu la Tanga, vimo vinakuwa 57 na 5, tofauti inashuka mpaka sentimita 4.75. Urefu wa wimbi la gigahezi 5.8 ni sentimita 5.2 hivi. Wimbi linaloruka kwenye maji linageuka kichwa chini, kwa hiyo tofauti ikikaribia wimbi zima yanauana, ikiwa wimbi moja na nusu yanasaidiana. Sentimita 8 ni kama wimbi moja na nusu. 4.75 ni karibu na wimbi zima.

Kwa maneno mengine, maji yakipwa uko kileleni, yakijaa uko shimoni. Kushuka kutoka -66 mpaka -83 kunafanana kabisa na hili. Mnara kujaa watu hakuwezi kuzima taa za NanoStation, kwa sababu taa hizo hazijui lolote kuhusu mnara.

#12 DadaMtandao_Chumbageni
Hoja ya taa naikubali. Vimo lakini umevitunga wewe. Ukiweka Bweni mita 75 na mlingoti mita 6 hesabu inageuka. Mwambao atoe vimo vya kweli kwanza.

#13 Tongoni_RF
Ndiyo maana nikasema tuseme. Vimo vikibadilika kitabadilika kimo cha maji kinachoua, mchezo wenyewe unabaki.

#14 MzigoBandarini
Wakuu mnazunguka sana. Hizo ni rada za meli. Jioni meli zinakaa nje zikisubiri zamu ya kuingia bandari ya Tanga, rada zinawaka, waifai ya gigahezi 5 inapigwa kelele na kuhama chaneli. Hata kwenye maelekezo ya ruta wameandika kuhusu rada.

#15 Tongoni_RF
Rada za meli ziko gigahezi 9, na nyingine 3. Zile ambazo ruta ya gigahezi 5 inatakiwa kuzikwepa ni za hali ya hewa na za kijeshi. Ikizisikia inanyamaza na kuhama chaneli, na kwenye kumbukumbu za kifaa inaandika. Mwambao afungue aone kama kuna maandishi hayo. Ila masaa matatu kila jioni, sidhani.

#16 MkweziWaManza
Mmesahau minazi. Ukiwa na mlingoti wa mita 8 na mnazi wa mita 20 mbele yake, unatazama bahari kupitia makuti. Upepo wa jioni ukianza, kuti linaingia na kutoka njiani. Sisi huku Mkinga ilibidi tuombe ruhusa ya mwenye shamba, tukapanda juu tukapunguza makuti, mtandao ukatulia siku hiyo hiyo.

#17 Nahodha_Kipumbwi
Mkwezi, upepo wa baharini unavuma mchana na alasiri. Jioni unalegea. Usiku ndipo unakuja wa nchi kavu. Labda kwenu Manza upepo una ratiba yake.

#18 MkweziWaManza
Nahodha heshima yako, wa kusi ukishika haulegei jioni wala alfajiri.

#19 Tongoni_RF
Mkwezi ana haki kwa jambo moja. Kuona kwa macho hakutoshi, wimbi linahitaji nafasi pembeni yake. Kwa njia hii ya kilomita 12, katikati kabisa nafasi hiyo ni kama mita 12 kila upande, na hata mita 200 tu mbele ya mlingoti inataka mita 3 hivi. Mnazi ukichungulia hapo unakula mawimbi, na makuti yaliyoloa ndiyo mabaya zaidi. Mwambao, simama nyuma ya NanoStation upige picha kuelekea Bweni.

#20 MamaMwani_Mlingotini
Salaam kutoka Bagamoyo. Sisi kikundi cha mwani hatukuwa na hela ya NanoStation. Tulichukua simu ya zamani ya 4G, tukaifunga kwenye ndoo ya plastiki tukaipandisha juu ya mwembe ulioko kwenye mwinuko, chaja ya sola chini, hotispoti inawaka muda wote. Ilifanya kazi vizuri mpaka ndoo ikageuka tanuri. Betri ya simu ilivimba ikasukuma kioo kikatoka. Mwenye wazo kama letu asithubutu kuacha betri ndani ya chombo kilichofungwa juani. Sasa tuna ruta ndogo ya USB isiyo na betri ndani, ipo kwenye boksi jeupe lenye matundu kwa chini, limewekwa upande wa kivuli.

Kuhusu jioni: kwetu pia ilikuwa inakufa jioni, na haikuwa maji. Watu waliokaa mbali, kule mwisho kabisa, simu zao zinashika kwa shida. Simu moja ya mbali ikipakua video kwa kasi ya kobe inashikilia hewa na wote walio karibu wanasubiri. Kijana wetu akaweka kwenye MikroTik kwamba simu yenye mawimbi dhaifu mno isiruhusiwe kujiunga, na kila mtu akapewa kipimo chake cha kasi. Waliokuwa mbali walinuna, sasa wanasogea mpaka kwenye benchi.

#21 DadaMtandao_Chumbageni
Mama umesema jambo kubwa. Watu wanafikiri dawa ni kuongeza nguvu ya ruta. Ruta ikipaza sauti simu inasikia, lakini simu yenyewe haina sauti ya kujibu kutoka mita 300. Ndiyo maana unaona vistari vimejaa na hakuna kinachofunguka. Bora vituo viwili vidogo kuliko kimoja kinachopiga kelele, na umeme unaokoa pia.

#22 Mzee_wa_Mtae
Nyie watu wa pwani mna bahati, mnaona kilomita 12 za maji mnalalamika. Njooni Lushoto. Huku kutoka kitongoji hadi kitongoji ni jicho tu, lakini katikati kuna mgongo wa mlima na msitu. Tumelazimika kuweka kituo cha kupokezana juu ya mgongo, hakuna nyumba, hakuna mlinzi. Mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu unakaa mpaka saa 5 asubuhi, paneli inapata mwanga wa kusomea tu. Tulipanga paneli mara tatu ya hesabu ya fundi ndipo ikavuka majira ya baridi. Na ngedere wanatafuna waya. Tumepitisha waya ndani ya bomba la maji la plastiki.

Radi nayo msiisahau. Mlingoti wa chuma uliosimama peke yake lazima uwe na waya wa ardhi.

#23 FundiSola_Muheza
Mzee wa Mtae kaeleza ninachokisema kila siku. Mtu anapanga paneli kwa jua la Januari, masika inamkuta. Kuanzia Machi mpaka Mei piga hesabu kwa saa mbili na nusu au tatu za jua, na betri ibebe angalau siku mbili bila kuchajiwa. Mwambao hata kama bahari ina lake, mfumo wako umekaa ukingoni. Subiri masika.

#24 KijanaRaskazone
Kwani si mngoje Starlink tu, dishi moja kijiji kizima, habari za minazi na bamvu ziishe?

#25 DadaMtandao_Chumbageni
Kenya ilianza Julai 2023. Kwetu mpaka 2025 ilikuwa haijapewa leseni, na dishi la kuvushwa kinyemela Horohoro ni kesi mkononi. Halafu umeme: lile la kawaida linakula wati 50 mpaka 100, lile dogo 25 mpaka 40. Wati 60 kwa saa 24 ni wati-saa 1,440. Mwambao ana paneli ya 80. Itabidi kijiji kinunue sola upya.

#26 Jasini_Mpakani
Huku kwetu shida ni nyingine, simu yenyewe inavuka mpaka. Umekaa kwako Jasini unakula mihogo, inakukaribisha Kenya na bando lote limeondoka. Mwenye ruta ya laini huku mpakani achague mtandao kwa mkono na azime data ya nje ya nchi. Ruta haina macho ya kusoma ujumbe wa kukaribishwa.

#27 Barabara_ya_12
Ndiyo Tanga hiyo, waja leo waondoka leo, hadi laini za simu.

#28 Mwanasheria_Mdogo
Niulize kabla hamjafika mbali. Mwambao, mnatoza watu? Kwa sababu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamtaka anayetoa huduma za mawasiliano kibiashara awe na leseni ya TCRA. Kuchangiana bando ndani ya kikundi ni jambo moja, kuuza vocha kwa wapita njia ni jambo jingine. Pili, ile laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu. Kijana akitukana watu au akitapeli kupitia waifai yenu, wa kwanza kuitwa ni mwenye alama za vidole.

#29 Mwambao_Kusini
Hatuuzi. Tunachanga kila kaya kidogo, nesi na walimu hawachangi. Laini ni ya ndugu yangu wa Bweni, na hilo la pili umenifungua macho.

#30 Mwanasheria_Mdogo
Basi hAP lite ina hotispoti ya kuingia kwa jina na neno la siri. Kila mwanakikundi apewe la kwake na kumbukumbu za nani aliingia lini zitunzwe. Andikeni na kijikatiba cha kikundi, nenda nacho ofisi ya TCRA ya kanda uwaulize mapema. Kondoa kule Dodoma walijenga mtandao wa jamii, na Afrika Kusini kuna Zenzeleni, ushirika wa wanakijiji wa Mankosi wanaoendesha wao wenyewe kwa sola. Zenzeleni waliupitia mlango wa mdhibiti wao, wakapata msamaha wa leseni. Usiogope mlango huo.

#31 Mwalimu_Kigombe
Kwa hao wa kidato cha nne, mbona mnahangaika kuvuta kila kitu kutoka Bweni? Chukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, weka Kiwix (programu ya kusoma bila intaneti) yenye Wikipedia, weka vitabu vya Taasisi ya Elimu (TET) mlivyopakua kwenye maktaba mtandao yao, weka na mitihani ya nyuma. Inakula wati 3 hadi 5. Mwanafunzi anaunga waifai ile ile na anasoma hata kama Bweni imekufa na bando limeisha. Shuleni kwetu ndiyo inayotubeba. Intaneti yenyewe mnabakiza kwa zahanati na bei za samaki.

#32 FundiSola_Muheza
Mwalimu, wati 5 mara 24 ni wati-saa 120 nyingine juu ya mfumo ulioko ukingoni.

#33 Mwalimu_Kigombe
Nani kasema saa 24? Inawashwa saa 11 jioni, inazimwa saa 4.

#34 Mwambao_Kusini
Wakuu nimerudi na majibu, na yamenichanganya zaidi.

Ndugu yangu Bweni kapima saa 1 usiku kwenye ruta yake: intaneti ipo, ila kasi ni chini ya nusu ya mchana. Kwa hiyo DadaMtandao ana lake.

Betri saa 2 usiku imesoma 12.1 mzigo ukiwa juu. Fundi, najua utasema nini.

Saa za kukatika nimeanza kuandika. Juzi ilianza saa 12 na nusu, jana saa 1 na robo, leo saa 2 kasoro. Nahodha kasema dakika 50, hazipo mbali. Ila jana pingi kwenda Bweni ilikuwa inapita kwa kusuasua hata pale intaneti ilipogoma kabisa. Maandishi ya rada kwenye kumbukumbu hayapo. Mnazi mmoja upo kulia kidogo ya njia, kwenye picha unagusa ukingo.

#35 Nahodha_Kipumbwi
Saa zinahama. Mnara haujui mwezi, na betri haijui mwezi.

#36 FundiSola_Muheza
12.1 ni karibu nusu ya betri, na hiyo ni saa 2 tu usiku. Mpaka alfajiri itakuwa wapi? Na NanoStation ikilishwa umeme hafifu kupitia waya mrefu mwembamba, redio yake inaweza kuyumba kabla haijazima. Waya wako ni shaba kamili au ni ile ya alumini iliyopakwa shaba? Hiyo ya pili pwani inaoza ndani ya ganda lake bila wewe kuona. Fungua kichwa cha waya uone kama kuna ukungu wa kijani au unga mweupe.

#37 DadaMtandao_Chumbageni
Umeme wake unapita kwenye inverta, Fundi. Inverta ikiwa hai inatoa volti zile zile kwa adapta, betri iwe 12.8 au 12.1. Labda waya, hapo sawa. Na Nahodha, saa zilizohama ni za siku tatu. Hata siku za wiki zinaweza kucheza hivyo: ligi ikiwa na mechi ya usiku mnara unajaa saa nyingine. Tusubiri maji mafu. Yakiwa maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu na saa zake ni tofauti. Mtandao ukiendelea kufa jioni ile ile, mzee utanisikiliza.

#38 Tongoni_RF
Na usipokufa utanisikiliza mimi. Wakati tunasubiri, jambo lisilogharimu: shusha NanoStation ya huku mita moja na nusu, au ipeleke nyuma ya banda ili ule ufukwe na vichaka vizibe wimbi linaloruka kwenye maji, mradi bado inaona kilima. Ukiwa na nyingine ya akiba, weka moja juu na moja chini. Maji yakiua moja, nyingine inapona. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela walifikisha waifai kilomita 382, ila ilikuwa kilele kwa kilele. Wao hawakuwa na bamvu. Na kwenye airOS, mfumo wa hiyo NanoStation, hakikisha sehemu ya umbali imezidi kidogo kilomita 12.

#39 MkweziWaManza
Akishusha mita moja na nusu ule mnazi wa kulia utaingia mzima njiani. Kata makuti kwanza.

#40 DadaMtandao_Chumbageni
Jamani kimoja kimoja. Akitoa inverta, akashusha antena, akakata makuti siku moja, mtandao ukipona kila mtu humu atadai ni dawa yake.

#41 Mwambao_Kusini
Naanza na inverta kwa sababu Fundi na Dada wamekubaliana hapo tu. Makuti wiki ijayo, mwenye mnazi yuko Zanzibar. Antena nitaiacha mpaka maji mafu yapite, naendelea kuandika saa na namba kila jioni. Mwalimu, hiyo Pi ikoje kuipata, ikiwa na vitabu tayari?

#42 Mwalimu_Kigombe
Njoo na kadi ya kumbukumbu ya GB 128, nakunakilia yote shuleni kwangu, inachukua mchana mzima.

#43 FundiSola_Muheza
Vishusha na vipandisha volti ninavyo. Jumamosi nina kazi Pangani mjini, nikimaliza mapema navuka pantoni nikufungie mwenyewe. Andaa fyuzi ya amp 5 na waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye betri, urefu usizidi mita mbili. Na hiyo mlingoti, ardhi ipo?

#44 Mwambao_Kusini
Haipo.

#45 Mzee_wa_Mtae
Fundi, beba na nondo ya shaba.